Chawa Hukaa Kwenye Mshono

Nilijifunza kusoma kwenye mkono wa gauni. Mama ni fundi cherehani, Tandika, na zamani hizo fundi hakununua karatasi ya kukatia patani. Alinunua gazeti, likasomwa na baraza zima mpaka likalegea, kisha likaingia chini ya mkasi. Mkono wa gauni la mwenye duka la vipodozi ulikuwa na tangazo la dawa ya meno. Mgongo wa gauni la mwalimu wangu wa darasa la pili ulikuwa na waziri mzima, amekatwa shingo kupisha shingo ya mwalimu. Kila mteja alikuwa na fungu lake limefungwa kwa utepe wa kitambaa na kutundikwa msumarini, nami nikikaa chini ya meza nasoma kilichosalimika: "…NGE LAVUN…", "…MBA YAICHAP…". Herufi zilizokosekana nilizikisia. Mpaka leo nikisoma habari najiuliza kipande gani kimeangukia sakafuni.

Watu huniuliza kwa nini nachanganya mambo. Leo naandika gauni la msanii, kesho Bunge, keshokutwa harusi ya mastaa, kama mtu asiye na adabu ya mada. Jibu ni ile meza. Pale sikuwahi kuona mambo hayo yakikaa mbalimbali. Mrembo na waziri walikuwa ukurasa mmoja, mmoja akawa kola na mwingine akawa kwapa.

Mwezi Mei mwaka 1996 gazeti lilikuwa habari moja tu. MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 ikiwa imekaribia kuingia Mwanza, na mamia ya watu wakazama nayo. Mama aliyafungia magazeti yale chini ya godoro, anasema mkono haukumwendea kuyakata. Karibu mwezi mzima akakata patani kwenye mifuko ya saruji. Kisha wateja wakazidi, karatasi ikaisha, akayatoa. Kuna fungu moja lilikuwa na picha ya tumbo la meli limegeukia juu, na mstari wa kiuno umepita katikati yake.

Miaka 11 baadaye, msichana aliyenyoa kichwa alisimama jukwaani Mexico City kwenye mashindano ya Miss Universe, akaingia kumi bora. Alikuwa Flaviana Matata. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu habari inavyoingia mwilini mwa watu. Wasichana wa mtaani kwetu walianza kuja wakiwa vipara, wengine mama zao wamenuna nyuma yao, wakitaka gauni la kuonyesha shingo, maana nywele zikiondoka shingo ndiyo inayobeba gauni zima. Mama akawa anabomoa kola siku nzima. Baadaye tukasikia kwamba mama yake Flaviana alikuwa mmoja wa waliokufa kwenye MV Bukoba. Mama alisimamisha cherehani, akaenda msumarini, akapekua mafungu mpaka la chini kabisa. Lile la meli lilikuwa limeliwa na mende, imebaki kamba. Akarudi kukaa. Siku hiyo hakubomoa kola nyingine.

Lakini wa kwanza katika ukoo wetu kushona habari alikuwa babu, baba yake mama. Yeye kibaraza chake kilikuwa Kariakoo, na kazi iliyomlisha ilikuwa suti za Kaunda: mikono mifupi, mifuko minne, hakuna tai. Makarani, walimu, makatibu wa chama, wote walipita kwake. Babu alisema suti ya Kaunda ilikuwa nguo ya mtu anayetaka aonekane mkubwa bila aonekane Mzungu, na kwamba siri yake ni bega. Bega likilegea, mheshimiwa anageuka kondakta.

Simulizi yake kubwa ilikuwa ya mwaka 1968. Mwezi Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, vyote mwisho, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Ikaitwa Operesheni Vijana. Kabla hata tarehe haijafika, magenge ya vijana yalikuwa yanavizia mabasi Kariakoo na kuwavamia wanawake waliovaa vifupi, nguo zikichanwa hadharani, mpaka polisi wakaingia kazini. Mwaka mmoja tu nyuma, 1967, nchi ilikuwa imemvisha taji Miss Tanzania wa kwanza. Mashindano hayo hayakurudi mpaka 1994.

Babu hakuwa mtu wa siasa. Alichokumbuka ni mapindo. Miezi ile mitatu, alisema, hakushona nguo mpya hata moja, aliteremsha mapindo tu. Mwenye sketi yenye pindo la inchi tatu aliokoka, linafumuliwa, linapigwa pasi, na kesho yake anapanda basi. Lakini mwenye pindo la nusu inchi ilibidi aungiwe kipande, na kipande hakifanani na kitambaa kilichofuliwa mara 40, kwa hiyo mtaa mzima ulijua. Wengine walikuja jioni, baada ya taa kuwashwa, wakiwa na kifurushi ndani ya khanga. Babu aliwapokea bila kuuliza. Nilipokuwa mdogo nilidhani kisa hiki ni cha kuchekesha kwa sababu alikuwa anakisimulia akicheka. Nilipokua ndipo nikauliza: na wale walioshushwa kwenye mabasi? Akanyamaza kidogo, akasema nguo zao hazikuletwa kwake, zilikuwa hazishoneki tena.

Babu ndiye pia aliyenifundisha habari za chawa. Mteja akileta koti kuukuu la kugeuza, babu hakulishika mpaka alipitishie pasi ya mkaa. Hakupiga pasi mgongoni wala kifuani. Alifuata mishono, polepole, kwapa, ubavu, kola, na ukitega sikio unasikia vitu vinapasuka. "Chawa hakai katikati ya kitambaa," alisema. "Katikati kuna mwanga. Chawa hukaa kwenye mshono, vitambaa viwili vinapokutana." Liweke neno hilo pembeni, nitalirudia.

Gazeti lilikufa polepole mezani kwa mama. Kwanza yalikuja ya udaku, na kwa muda yalikuwa sherehe. Yalikuwa na picha kubwa, za rangi, mwili mzima, jambo ambalo gazeti la serikali halikuwahi kutupa. Mteja alikuja na ukurasa umekunjwa ndani ya sidiria: nishonee kama hili. Nani kamwacha nani ilisomwa kwa sauti huku vipimo vinachukuliwa, na nadhani umbea wote wa mjini umewahi kupimwa kwa futi kamba. Kisha ikaja simu, na picha ikawa haikatiki tena. Leo mteja anamwinulia mama kioo usoni, anaikuza picha kwa vidole viwili, "mama, angalia hapa kiunoni," naye mama anavaa miwani na kusogea kama anayechungulia kisima. Wiki moja aliletewa picha ileile na wanawake saba ambao hawajuani. Kila mmoja alimwomba asimshonee mwingine.

"Hiyo picha ina vipimo vyake," huwa anawaambia, "nawe una vyako." Hakuna anayesikia.

Kitu ambacho sidhani kama waandishi wa burudani wamewahi kukiona ni hiki: mteja wa fundi hamtazami staa kama mtazamaji. Anamvaa. Anatoa fedha ya kitambaa Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, anatoa fedha ya fundi, anasubiri wiki tatu kwa siku tatu alizoahidiwa, halafu anaingia ukumbini na mwili wake ndani ya chaguo la mtu mwingine. Ni mapenzi ya gharama. Ndiyo maana staa akibadilika rangi, huyu anahisi ameachwa na nguo mkononi.

Chukua Miss Tanzania ya mwaka 2006. Wema Sepetu ndiye aliyevishwa taji, na kwenye jukwaa hilohilo alikuwepo Jokate Mwegelo. Hao wawili wamemlisha mama kuliko mazao ya shamba letu la Mkuranga. Mwezi Februari 2017 Wema alihama CCM akaingia CHADEMA. Mwezi wa tatu mteja wetu mmoja, mwuza samaki wa Feri, mwanamke mwenye sauti, akaleta kitambaa cha khaki cha magwanda, sare ya CHADEMA, akitaka gauni la kubana, mabega juu, "nimfuate dada yangu." Mama akamwambia njoo Ijumaa. Ijumaa ya mama yangu ni neno lenye upana. Pakaja kitchen party, pakaja ubarikio, pakaja Ramadhani, khaki ikabaki kwenye ndoo. Gauni likawa tayari mwanzoni mwa Desemba, wiki ileile ambayo Wema alitangaza amerudi CCM. Mwuza samaki alilitazama, akamtazama mama, akasema, "Fundi, wewe ulikuwa unajua." Alilichukua, akalivaa miaka minne sokoni. Ni khaki nzuri.

Jokate alikwenda njia nyingine. Alikuwa mwigizaji, mtangazaji, mfanyabiashara wa nywele na mitindo kwa jina la Kidoti, na mwezi Julai 2018 Rais Magufuli akamteua Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Wengi walicheka. Mrembo na wilaya wapi na wapi? Akaanzisha Tokomeza Zero, kampeni ya kuondoa sifuri kwenye mitihani ya sekondari, akakusanya wasanii na matajiri wachangie shule, na vicheko vikapungua. Mezani kwetu mabadiliko yalikuwa ya haraka zaidi. Wasichana waliokuwa wakileta picha zake za mabega wazi wakaanza kuleta za kitenge chenye koti, "la kiofisi, mama, lakini lisinizeeshe." Kwa kweli naona huo ndio mshono mgumu kuliko yote ya mwanamke katika nchi hii, na si wa cherehani.

Wanaume hawapewi kazi hiyo. Sugu aliingia Bungeni mwaka 2010 akitokea kwenye rap, Profesa Jay akafuata 2015, MwanaFA 2020, na yeye sasa tumemwona akiwa naibu waziri. Walivaa suti. Basi. Sikumbuki mteja hata mmoja akijadili suruali zao.

Suruali iliyojadiliwa ni ya Condester Sichalwe, wakati huo mbunge wa Momba. Tarehe 1 Juni 2021 mbunge mwenzake, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake na kumtaja mmoja aliyevaa fulana ya njano. Spika Job Ndugai akamtoa nje mheshimiwa akavae vizuri ndipo arudi. Wabunge wanawake walikasirika. Picha ilikuwa imefika mezani kwa mama kabla ya adhuhuri. Baraza likagawanyika pale pale. Wenye umri mkubwa wakasema Bunge ni Bunge, vijana wakasema suruali ni suruali. Mama aliichukua simu, akaikuza, akaangalia paja, akaangalia nyonga, akaangalia mguu wa suruali unavyokaa juu ya kiatu. Akarudisha simu. "Hii haikubana," akasema. "Hii imemkaa." Kwa fundi hayo ni mambo mawili, na nilitamani mtu angemwita Dodoma akawaonyeshe tofauti kwa chaki. Babu angekuwa hai angeuliza pindo lina inchi ngapi.

Wakenya nao wasitucheke. Novemba 2023 Spika wao, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, wakati Rais William Ruto mwenyewe amezifanya kuwa sare yake. Suti ileile iliyokuwa nguo ya utumishi kwa babu, kwao imekuwa utovu wa nidhamu ukivuka mlango fulani. Nilikwenda makaburini Idi iliyofuata nikamsimulia.

Basi turudi kwenye chawa.

Sijui neno hili lilianzia kijiwe gani, lakini lilipokuja mjini lilikuja kupitia muziki. Chawa ni yule anayeishi mwilini mwa mwenye nacho: anamsifu, anamtetea, anamtukania adui, anakula kwake. Zamani tungemwita mpambe, neno lenye heshima kidogo, kwani hata bibi harusi ana mpambe. Chawa hana heshima hiyo na wala haitaki. Jambo la ajabu la miaka hii ni kwamba watu walilivaa neno kwa fahari. Baba Levo alijitangaza kuwa chawa wa Diamond Platnumz akicheka, nasi tukacheka naye. Kisha uchawa ukahamia kwenye siasa bila kubadili nguo, tukawa na watu wanaojiita Chawa wa Mama, mama akiwa Rais. Mwaka 2025 Baba Levo akagombea ubunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya CCM, akatangazwa mshindi mbele ya mwanasiasa wa upinzani, Zitto Kabwe. Kutoka kwenye mshono wa msanii hadi kwenye kiti cha Bunge.

Siku habari za hao wanaojiita chawa zilipofika barazani, mama alikuwa anafunga zipu. Hakuinua kichwa. "Baba angepasha pasi," akasema.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na msanii kuvaa kijani cha CCM. Kapteni John Komba aliimbia CCM maisha yake yote, aliongoza kundi la muziki la TOT, akawa mbunge wa Mbinga Magharibi, akafa Februari 2015 akiwa kijani, na hata waliompinga hawakumwita chawa. Komba alikuwa kitambaa chenyewe. Ungemkata popote ungekuta rangi imeingia mpaka upande wa pili. Ninachosema ni kuhusu yule anayekutana na kitambaa cha sanaa upande huu na kitambaa cha dola upande ule, akajibanza hapo katikati kwa sababu kuna joto.

Wala sisi wa mezani si wasafi. Mama ameshona sare za kampeni tangu niwe na akili. Kulikuwa na enzi ya takrima, pale sheria iliporuhusu mgombea "kuwakirimu" wapiga kura mpaka Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Khanga za wagombea zilikuwa nyingi kiasi kwamba nyumba yetu ilikuwa na mapazia yenye nyuso. Nimelala nimejifunika mtu ambaye baadaye alishindwa vibaya. Mwaka 2015, mwaka wa Magufuli na Lowassa, mama alishona vya CCM mchana mlangoni, na magwanda ya CHADEMA yakashonwa chumba cha nyuma, kijani kikining'inia mbele kama pazia. Pande zote mbili zilimchelewesha malipo. Alipokuja mtu kumuuliza yeye ni wa upande gani alijibu, "Mimi ni wa oda."

Mwaka 2021 palikuja oda za aina mpya. Tarehe 19 Machi, siku mbili baada ya kutangazwa kifo cha Magufuli, Samia Suluhu Hassan aliapishwa akiwa na ushungi mwekundu. Kabla ya arobaini ya marehemu kwisha, wanawake watu wazima, ambao hawajawahi kumletea mama picha ya staa yeyote, wakaja na picha ya Rais. Koti refu, ushungi usiobana kidevu. Walikuwa wanaona haya kidogo wakiomba, kama wasichana. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi tangu mwaka 2025. Walikuwa wamempenda kwa namna ileile wengine walivyompenda Wema.

Sasa mwaka 2025. Ulianza kwa harusi. Tarehe 7 Februari, mwimbaji Jux alifunga ndoa Dar es Salaam na Priscilla Ojo, binti wa mwigizaji wa Nigeria, Iyabo Ojo, kisha Aprili sherehe ikaenda Lagos, kisha Mei ikarudi Dar. Miezi minne ya harusi moja! Mama alikuwa hajawahi kushika aso oke, kitambaa cha sherehe cha Kinaijeria. Wateja walitaka vilemba vile vya Kinaijeria vilivyosimama kama tanga la jahazi, na mama akakaa usiku na binti wa jirani wakitazama video moja mara 20, wakikunja kitambaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipoweza, alivaa chake mwenyewe kwenda msikitini, akarudishwa na wenzake mlangoni, wakicheka wote. Ulikuwa mwanzo mzuri wa mwaka. Kila mtu alikuwa na fedha ya sare.

Kufika Agosti rangi zikawa mbili tu, kijani na njano. Mastaa waliokuwa wageni wa harusi mwezi wa tano walikuwa jukwaani kwenye kampeni mwezi wa tisa, wengine kwa mashairi yaleyale yaliyobadilishwa jina la mpenzi. Mgombea mkubwa wa upinzani hakuwemo. Tundu Lissu alikuwa mahabusu tangu Aprili kwa shtaka la uhaini. Mteja wetu mmoja, dada anayefanya kazi benki, mtu wa msimamo wa wastani na viatu vizuri, alileta kitenge cha kijani pamoja na picha ya msanii wa kike akiwa kampeni. "Sivai kwa ajili ya chama, mama," akasema. "Mshono tu." Mama akapima. Kwa mara ya kwanza katika historia, kazi ilikwisha Ijumaa.

Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, sitaieleza sana. Walioipitia wanaijua, na wengine wanahesabu waliowakosa. Kulikuwa na maandamano, kulikuwa na risasi, intaneti ikazimwa, na Dar tukaamriwa kutotoka nje usiku. Samia akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Novemba ikatangazwa tume ya kuchunguza yaliyotokea chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Idadi ya waliouawa ilibishaniwa na bado inabishaniwa, na mtaani kwetu watu huitaja kwa kutazama chini.

Nitasema kilichotokea mezani. Siku zile mama alifungua nusu ya mlango. Alikuwa na bibi harusi wa wiki ya kwanza ya Novemba, gauni limekatwa lakini halijaunganishwa, na picha yake iko kwenye mtandao ambao haupo. Binti alikuja mchana, anatetemeka, akajaribu kuieleza kwa mikono. Mama akashusha ukutani kalenda ya zamani ya mishono, rangi imepauka mpaka wanamitindo wote wamekuwa bluu, wakaichambua pamoja. Walichagua shingo kutoka mwezi wa tatu na mkono kutoka mwezi wa nane. Katika kukata patani, mama alikosa karatasi, maana nani ananunua gazeti siku hizi? Nje, ukutani, mabango ya wagombea yalikuwa yamechanwa na yamelala barabarani. Karatasi yake ni nzito, haikunjiki, inafaa kuliko gazeti. Mimi ndiye niliyetoka kuyaokota, haraka, nikiangalia kushoto na kulia kama mwizi wa embe.

Intaneti iliporudi, jambo la kwanza mjini lilikuwa kuwaacha. Watu waliingia kwenye kurasa za mastaa waliopanda majukwaani na kuacha kuwafuata, mmoja mmoja, kwa maelfu, huku wakihimizana. Nimesoma uchambuzi mwingi juu ya hilo, wengine wakisema ni wivu, wengine ni siasa, wengine ni upepo utapita. Labda utapita, mji huu una kichwa chepesi. Lakini nilichokiona mimi ni mteja anayerudisha nguo. Alilipa, alisubiri, alivaa mwili wake ndani ya mtu, na mtu huyo alipotakiwa aseme neno moja tu la pole, akaweka picha ya perfumu.

Mezani oda zimebadilika. Picha bado zinaletwa, maana kiuno ni kiuno. Ila sasa mteja anafunika jina kwa kidole gumba. "Kama hili, mama. Usiniulize la nani."

Dada wa benki alikuja wiki ya pili ya Desemba na mfuko wa plastiki. Ndani ni lile la kijani, limefuliwa, limepigwa pasi. Pamoja nalo kulikuwa na kitambaa cheusi, kizuri, cha bei. Hakukaa. Aliuliza hali ya mama, akauliza hali yangu, akasema kwao Kimara wamezika, hakusema nani. Kisha akasema anataka gauni jeusi, la mikono mirefu, na lile la kijani lifumuliwe liwe bitana.

Mama alikipapasa kitenge kwa kidole. "Mwanangu, kitenge hakifai bitana. Kizito. Kitakuchemsha."

"Bora nichemke."

"Nikununulie bitana ya kawaida Kariakoo, elfu nne mita. Hili tufanye foronya."

"Nimelipa fedha yangu," dada akasema. "Silitupi. Lakini silitaki lionekane."

Mama akavuta futi kamba shingoni. Akampima upya, ingawa vipimo vyake anavijua kwa kichwa; alikuwa amepungua kiunoni inchi mbili. Akaandika kwa kalamu nyuma ya kipande cha bango, juu ya shavu la mtu. Kisha akaligeuza gauni la kijani nje ndani, akalishika kwenye mwanga wa mlango, na kidole gumba kikapita polepole juu ya mishono, kwapa, ubavu, kola.

"Njoo Ijumaa," akasema.